Mchukuzi wa Sukari na Mtoto wa Kagoma

Ukiletewa mkojo kwenye chupa, kijana wangu, kabla hujawasha moto uliza kwanza jana chupa hiyo ilikuwa na nini. Usione haya kuuliza. Nilikuwa bado mgeni katika kazi ya maabara, kwenye hospitali moja pale Bukoba, miaka ile Uhuru ungali mpya na kila ofisi inanuka rangi, alipokuja Ta Felisiani, katekista wa Kanazi, mtu wa heshima na kofia yake mkononi. Nilitia mkojo wake kwenye ile dawa ya bluu ya kupimia sukari, nikachemsha, ukageuka mwekundu wa tofali. Tukamwambia ana kisukari. Maskini akarudi nyumbani, akaacha rubisi, pombe yetu ya ndizi, akaacha ndizi mbivu, akaanza kugawa nguo zake kwa ndugu.

Aliyemwokoa ni Sista Walburga, mkuu wa maabara, mtawa mrefu kutoka Ujerumani aliyejifunza Kihaya kabla ya Kiswahili. Aliichukua ile chupa, akaipeleka puani, akacheka mpaka akaketi. "Huyu mtu haumwi sukari," alisema. "Chupa ndiyo inaumwa ndizi." Chupa ilitoka kwenye sherehe, ndani yake kulikuwa na maji ya ndizi mbivu zilizokamuliwa, na hakuna aliyekumbuka kuisuuza. Ta Felisiani alipopimwa upya akawa mzima kabisa. Nguo alizogawa hakurudishiwa zote.

Nakusimulia hivi ucheke, kisha ukumbuke jambo moja. Dawa ile inakuambia tu kwamba sukari ipo. Haikuambii imetoka wapi wala inakwenda kufanya kazi gani mwilini. Hilo la kazi yake Sista alinifundisha kwa chaki juu ya meza, na tangu hapo nimeishi nalo kama mtu anayeishi na siri. Si siri. Sikupata tu wa kumwambia.

Dirishani tuliwaona wachukuzi wakipeleka magunia ya kahawa bandarini. "Tazama," alisema Sista, "gunia halina miguu. Sukari nayo haina miguu." Ndani ya seli, glukosi ikiwa peke yake haiwezi kuunganishwa hivihivi na kitu kingine. Lazima kwanza ibebwe. Mchukuzi wake mkubwa ana jina refu, yuridini difosfeti, sisi tulimwita UDP. Seli hutumia nguvu kumpakia mzigo. Akishapakiwa anafika panapohitajika sukari, kimeng'enya kinaipokea, kinaishona mahali pake, na mchukuzi anarudi mtupu. Hivyo ndivyo ini linavyojiwekea akiba kwa saa za njaa. Hivyo ndivyo titi la mama linavyotengeneza sukari ya maziwa. Hata kule kwenye kibanja, shamba letu la migomba, mgomba unapotengeneza utamu wake, mchukuzi huyuhuyu yupo kazini.

Nilitoka mle siku hiyo nikiitazama migomba kwa macho mengine. Jioni nilimweleza mwenye nyumba wangu habari yote, tangu gunia mpaka ini. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akaniuliza kama nimekula.

Ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Baada ya misa wanaume walizungumza mvua, kahawa na siasa, nami nilikuwa na jambo kubwa kuliko hayo kichwani na hapakuwa na mahali pa kuliingiza. Nilichumbia mara moja, huko Kanazi. Yule binti alimwambia shangazi yake kwamba hawezi kupikia mikono inayoshinda kwenye mikojo ya watu. Sikumlaumu. Nilinawa mikono sana tangu siku ile, lakini sikuchumbia tena.

Baada ya Azimio la Arusha tuliambiwa wataalamu wateremke vijijini, nami nikateremshwa Muleba, kwenye kituo cha afya karibu na Kagoma. Maabara ilikuwa chumba kimoja. Nilikuwa na jiko la mafuta ya taa, mashine ya kuzungusha damu kwa mkono, na darubini yenye kioo cha kuvuta mwanga wa dirishani. Ninyi mna umeme, lakini hamjui raha ya kutafuta mwanga. Kioo unakielekeza kwenye wingu jeupe. Ukikielekeza kwenye jua lenyewe utaona nyota mpaka jioni.

Sista Walburga alikuwa amesharudi kwao. Siku ya kuagana aliniachia pakiti ya karatasi nyeusi na agizo moja alilolirudia mpaka nikachoka: damu ya mtu mwenye manjano izungushie karatasi hiyo mara moja, maana mwanga huila ile rangi na kipimo kinadanganya. Karatasi ilipokwisha nilitumia maganda makavu ya mgomba. Yanafaa vizuri kabisa, na hayaagizwi kutoka ng'ambo.

Sasa sikiliza habari ya manjano, maana hapa ndipo kilio changu kilipo.

Chembe nyekundu za damu zikizeeka huvunjwa, na kwenye takataka zake hutoka rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Rangi hii haikubali maji. Ikibaki hivyo haiwezi kutoka, huzunguka na damu, na ikizidi huingia kwenye ubongo na kuharibu. Kazi ya ini ni kuishonea sukari. Glukosi hubadilishwa kuwa asidi ya glukuroniki ikiwa bado mabegani mwa UDP, halafu kimeng'enya cha ini kinaitwaa na kuishikiza kwenye ile rangi. Ikishashikizwa inakubali maji, inatoka na nyongo, mambo yanakwisha. Kwa hiyo mtu mwenye macho ya manjano akija kwako, omba mkojo. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, ini limeshona lakini mzigo umekosa njia ya kutokea. Ukiwa mweupe, basi huenda kushona kwenyewe kumeshindikana, au damu inavunjika kwa wingi kuliko ini linavyoweza.

Pale Kagoma alikuwapo mama mmoja, Paulina, aliyezaa watoto wawili na kuwazika wote wakiwa wachanga. Wote waligeuka manjano, wakalegea, wakajikunja migongo, wakafa. Alipojifungua wa tatu, binti, mama mkwe wake Ma Adelina alifanya alichoona ni busara. Kwetu mzazi hukaa ndani, kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni, mtoto asionwe ovyo. Lakini kwa mama aliyekwisha kufiwa, Ma Adelina aliongeza ukali. Alimficha mtoto chumba cha ndani kabisa cha nyumba ya msonge, akaning'iniza mkeka mlangoni, na nyumba yenyewe ilikuwa katikati ya migomba ambapo hata adhuhuri unatembea kivulini.

Paulina mwenyewe alimtuma mumewe kwangu. Nilikwenda na mganga wetu msaidizi. Tulimtazama mtoto kwa tochi. Alikuwa wa manjano mpaka nyayoni, na nepi yake haikuwa na doa. Mkojo ulikuwa mweupe.

Watoto wengi huwa na manjano kidogo siku za mwanzo kwa sababu kile kimeng'enya cha kushona bado kimelala, kisha kinaamka. Huyu hakuwa hivyo. Alikuwa anakwenda njia ya ndugu zake. Hospitali kubwa ilikuwa mbali, barabara imekatwa na mvua, na mganga akanivuta pembeni akasema, "Fundi, hapa hatuna kitu." Nikalikumbuka agizo la Sista. Kama mwanga unaila rangi kwenye kichupa, kwa nini usiile ndani ya ngozi?

"Ma Adelina," nilisema, "mtoto atoke nje. Alazwe juani, bila nguo."

"Mae! Uchi? Juani?" Alisimama mlangoni kama askari. "Waitu, wale wawili nadhani niliwaacha wakaonwa sana. Huyu unataka aonwe na Kagoma nzima?"

"Asionwe na mtu. Nyuma ya nyumba, kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Watu wazuie wewe."

"Jua litamfaa nini mtoto ambaye mama yake hata joto la jiko hataki limguse?"

Sikuwa na maneno ya Kihaya ya kumwelezea UDP. Nilimchoma mtoto sindano kisiginoni, nikaenda kuizungusha damu yake, nikarudi na maji ya damu kwenye vichupa viwili. Kimoja nilikizungushia ganda la mgomba. Kingine nilikiweka wazi juu ya jiwe, juani, nikamwomba Ma Adelina akilinde yeye mwenyewe nisije nikaambiwa nimefanya mazingaombwe. Alikaa nacho mpaka jua likapinda. Kisha nikalifungua lile ganda. Kilichofichwa kilikuwa cha manjano kama mwanzo. Kilichokaa juani kilikuwa kimefifia.

"Ni damu ya mtoto mmoja?" aliuliza.

"Mmoja."

Aliingia ndani, na mkeka wa mlangoni akautoa kwa mkono wake.

Walimwita Kokugonza, sisi tukamwita Koku. Aliishi. Ninyi msije mkaniiga mkamlaza mtoto juani mkaridhika. Leo kuna taa za bluu mahospitalini, mpelekeni huko haraka. Sisi tulikuwa na jua tu. Kila asubuhi Ma Adelina alitandika shuka jeupe uwanjani, akafukuza kuku na wapita njia kwa fimbo ileile. Manjano yalipungua lakini hayakuisha, kwa maana kimeng'enya cha Koku kilikuwa dhaifu tangu kuumbwa kwake. Baadaye daktari mmoja aliyepita kutukagua alinieleza kwamba vidonge vya kifafa, fenobabitoni, huliamsha ini la watu wa namna hii. Tukampa kwa kipimo cha daktari, na macho yakazidi kusafika.

Hapo ukaanza mkosi mwingine. Watu waliona mtoto anakunywa vidonge vya kifafa, wakaamua ana kifafa. Shuleni wenzake hawakula naye sahani moja. Walimwita Macho ya Ndizi. Alipochoka kukimbiwa alianza kuja maabara, akakaa kwenye kigoda chini ya dirisha. Siku moja akauliza, "Fundi, mimi naumwa nini hasa?"

Fikiria, kijana wangu. Tangu Sista aondoke sikuwa nimeulizwa swali la namna hiyo na mtu yeyote. Nikaweka chini vyombo vyote. Nilikunja kidole changu cha kulia kama ndoano. "Huyu ni mchukuzi." Nikakunja cha kushoto nikakitundika hapo. "Hii ni sukari, ameibeba." Kisha nikamwambia akunje chake. "Na hayo ni manjano." Nikaipeleka ile sukari mpaka kwenye kidole chake, ikashika, nikauondoa mkono wa kulia. "Ini la watu wengine hufanya hivi haraka. Lako linajikongoja."

Alitazama kidole changu cha kulia kilichobaki hewani. "Na mchukuzi anarudi mtupu?"

"Mtupu."

"Hasikitiki?"

"Hana nafasi ya kusikitika. Anapakia tena."

Alicheka. Kesho yake akaja anataka nimweleze habari ya maziwa, keshokutwa habari ya ndizi. Alikuwa mtoto wa miaka saba au minane, na alinielewa kuliko mtu mzima yeyote niliyemjua. Niseme wazi: nilikuwa na furaha. Asubuhi nilifagia chumba nikijua kuna mtu atakuja kuuliza kitu.

Halafu vikaja vita vya Kagera. Watu wa kaskazini walimiminika Muleba na vitanda vichwani, na mimi nikaitwa Bukoba hospitalini kusaidia kupima damu za kuongezewa majeruhi. Nilimwachia Ma Adelina vidonge nilivyokuwa navyo, nikamwambia mtoto asikose jua. Nilidhani nitarudi mapema. Barabara zikawa za jeshi, na siku zikapita, sikuwa na njia ya kurudi wala ya kutuma kitu.

Nami nikiwa huko, Kagoma ilifika habari ya ndege za adui. Balozi wa nyumba kumi akapita mlango kwa mlango: mtu asianike kitu cheupe, asikae uwanjani, kahawa iondolewe, moto uzimwe mapema, watu wakae chini ya migomba au ndani. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anaogopa kama wote. Shuka la Koku likakunjwa. Vidonge vikaisha. Malaria ikamkamata, akakataa chakula, na njaa hulemea ini kama hilo kuliko chochote. Ma Adelina akamrudisha kwenye kile chumba cha ndani alimofichwa alipozaliwa, akaning'iniza mkeka mlangoni.

Niliporudi, nikiwa nimepanda lori la askari lililokuwa linakwenda kusini, sikupita hata kwangu. Nilimkuta Koku gizani, wa manjano kama siku ile ya kwanza ya tochi. Nilimbeba mwenyewe mpaka uwanjani. Balozi alikuja mbio, akaona uso wangu, akarudi. Nilimlaza juu ya majani makavu ya mgomba badala ya shuka, asionekane kutoka juu, nikaketi kando yake. Vidonge nilikuwa nimevipata kwa daktari wa Bukoba. Nikamnywesha uji kijiko kwa kijiko. Siku zilizofuata manjano yakaanza kushuka, akaanza kukaa, akaanza kunyoosha mkono kuomba maji.

Siku alipoanza kutabasamu nilimchokoza kama kawaida yetu. "Haya, mwanafunzi. Mchukuzi anaitwa nani?"

Alinitazama mdomo. Nikarudia kwa sauti. Aliendelea kunitazama mdomo, akikunja uso. Nilipiga makofi nyuma ya kichwa chake, naye hakugeuka.

Manjano yalikuwa yameshafika kwenye njia ya kusikia. Ubongo mwingine ulisalimika, Mungu ashukuriwe, akili yake ilikuwa ileile. Lakini masikio hayakurudi, na hayakurudi kamwe.

Ma Adelina aliketi kizingitini ameshika kichwa. "Tulimficha, mwanangu," alisema. "Mara zote mbili tulimficha. Tulidhani ndiyo kumpenda."

Sikuwa na hasira naye, wala na balozi. Nililia siku hiyo maabarani, mlango nimeufunga, kwa sababu mtu mmoja aliyewahi kunisikiliza hakuweza tena kunisikia.

Miaka imepita mingi. Ma Adelina amelala kwenye kibanja chake. Mimi nilistaafu nikarudi kwetu Kaagya, kwenye nyumba niliyoijenga kubwa bila sababu. Koku alijifunza cherehani, akaolewa Mwanza na fundi mwenzake, mtu mpole anayezungumza kwa mikono hodari kuliko mimi kwa mdomo. Anakunywa vidonge vyake, na watoto wake wana macho meupe. Krismasi, kama Wahaya wote, huja nyumbani, na kila mara hupitia kwangu kwanza, kabla ya Kagoma. Hukaa uwanjani asubuhi, mimi kwenye kiti, yeye kwenye mkeka, jua likitupiga wote. Nikisahau nikazungumza, ananiacha nizungumze.

Mwaka huu nilimsindikiza mpaka stendi ya Bukoba. Alipanda basi, akakaa dirishani, kioo hakifunguki. Kondakta alikuwa anapiga bodi, watu wanaagana kwa kelele, wanaahidiana kupigiana simu. Sisi tulikuwa tunatazamana tu. Nikiwa na umri huu sina hakika na Krismasi nyingine, na nilitaka alijue hilo, ila mikono yangu haijawahi kujifunza lugha yake vizuri. Ninachokijua ni kimoja. Nilikunja kidole cha kulia, nikakiinua mbele ya kioo, mchukuzi mtupu.

Alikiona. Alitikisa kichwa, kwa nguvu, kama alivyokuwa anatikisa nikikosea jina la mtu Kagoma. Basi lilikuwa limeshaanza kuondoka. Akainua mikono yote miwili mpaka kwenye kioo, akakunja kidole cha kulia, akakitundika cha kushoto juu yake, akanionyesha, na aliendelea kunionyesha mpaka basi lilipokata kona.